Mwaka wa Ithibati ya Muda

Tumemzika Sista Imelda Jumamosi iliyopita. Nilisimama nyuma kabisa ya watu, kitenge kimenilowa mvua hadi magotini, nikakumbuka kwamba huyu ndiye mtu pekee niliyewahi kumchukia kwa kosa la kusema kweli. Simchukii tena. Lakini sitaandika hapa kwamba nilimsamehe, kwa sababu mpaka leo sijui kama kulikuwa na kitu cha kusamehe. Watu walikuwa wakisimulia jinsi alivyojenga chuo cha uuguzi kutoka kwenye mabanda mawili, jinsi alivyolea mabinti wa watu, jinsi alivyokuwa na imani. Yote hayo ni kweli. Hakuna aliyesimulia mwaka wetu. Skola, rafiki yangu wa chuo, alikuwa mbele, karibu na masista, kwa kuwa yeye hajawahi kuona haya kusogea mbele ya mtu anayempenda. Alipogeuka akaniona, hakupunga mkono. Alinyanyua nyusi tu, kama alivyokuwa akifanya wodini akitaka kuniambia, subiri, nikimaliza nakuja.

Mwaka huo nilikuwa naishi na Skola chumba kimoja Majengo, mjini Songea, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake kulikuwa na mbao na bati tu, kwa hiyo maneno ya kila mpangaji yalipanda upande wake na kushukia upande wetu. Tulijua nani amegombana na mumewe, nani ana mimba na hajamwambia mama yake. Sisi tulikuwa mwaka wa tatu wa stashahada ya uuguzi, mwaka wa mwisho, na bila shaka majirani nao walijua hofu zetu zote. Tulikuwa na jiko la mkaa kibarazani, sufuria mbili, na gunia la maharage alilotoka nalo Skola kwao Madaba. Tulikula ugali na maharage mpaka nikawa naota maharage. Siku tukipata dagaa wa Nyasa, Skola aliwakaanga kwa nyanya nyingi, akawagawa kwenye sahani moja kwa kuchora mstari katikati na kijiko.

"Upande wa Tunduru huo," alikuwa akisema. "Ukivuka mpaka nakuita polisi."

"Na ninyi Madaba mnajua dagaa? Si mnajua viazi tu."

"Sisi tuna viazi, ninyi mna korosho na maneno. Kula, Zuhura, uache kubishana na sahani."

Alikuwa na tabia iliyonikera mwanzoni, baadaye nikaizoea. Tukiwa tunakula, alinishika mkono wa kushoto, akapitisha kidole juu ya ngozi ndani ya kiwiko, polepole, akitafuta mshipa. Hakuwa akiangalia. Alikuwa akitafuna na kuongea mambo mengine. "Huu hapa," alisema, kisha akauachia mkono. Wodini walimjua kwa hilo. Mtoto akiletwa amekauka kwa kuharisha, wauguzi wakubwa wamechoma mara mbili hawajapata, mmoja wao alisema, "Mwiteni yule binti wa chuo, mrefu." Skola alikuja, akamwambia mtoto, "Pole baba, kidogo tu," na dripu ikaanza kutiririka. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu wakati huo na sijaona mikono kama ile. Hata hivyo lengo lake halikuwa wodi. Alitaka kuwa mkufunzi. Alitaka kusimama mbele ya darasa na kufundisha jambo alilokuwa akilifanya bila kufikiri, na ili awe mkufunzi alihitaji shahada. Mimi nilitaka shahada kwa sababu nyingine, isiyo nzuri sana. Siku moja nilimuuliza daktari wodini kwa nini dawa ile na si nyingine, akanijibu mbele ya wagonjwa, "Wewe nesi, kazi yako ni kutekeleza." Niliamua siku hiyo kwamba nitasoma mpaka mtu asiweze kuniambia hivyo. Mpango wetu ulikuwa mmoja: kumaliza, kuomba chuo kikuu mwaka uleule, na kwenda pamoja.

Hofu iliingia kupitia dirishani. Kila Ijumaa mwaka wa tatu tulisafisha jengo la utawala, na siku hiyo nilipewa vioo. Nilikuwa nje, nasugua kioo cha ofisi ya Sista Imelda kwa gazeti na maji, pazia limefungwa, nikamsikia Mwalimu Kinunda, mkuu wetu wa taaluma, akiongea kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza.

"Sista, tuliyonayo ni ithibati ya muda. Ya muda! Hawa wa mwaka wa tatu wakimaliza kabla hatujapata ithibati kamili, leseni watapata, kazi watapata. Lakini chuo kikuu hakiwapokei."

"Tutapata kamili," Sista alisema.

"Tumekuwa tunasema hivyo tangu wameingia."

"Wakaguzi wanakuja, Kinunda. Mungu yupo."

"Mungu yupo, na wakaguzi nao wapo. Wanafunzi wanajua?"

Sista akasema, "Wakijua watasoma kwa hofu. Mtu haponyi mgonjwa kwa hofu."

Nilibaki na gazeti mkononi. Nilikuwa nimelipa ada ya miaka mitatu kwenye chuo ambacho sikuwahi kukiuliza swali hilo. Mimi! Niliyewauliza walimu chanzo cha kila sentensi waliyoandika ubaoni. Nilikuwa nimeona neno "kimesajiliwa" kwenye bango la getini, nikaridhika. Sikujua kwamba kusajiliwa ni jambo moja na kuthibitishwa ni jingine, kwamba chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha huku kikiwa bado kinatazamwa, kama mchumba ambaye hajajibiwa. Nikifikiri sasa, naona wengi wetu tulifanya hivyo. Binti akipata nafasi chuo cha uuguzi, nyumbani wanapika pilau, hakuna anayeuliza karatasi za chuo. Tunahoji vyeti vya mwanafunzi mpaka jina la katikati. Vya chuo hatuvihoji.

Nilimwambia Skola jioni ile tukipepea jiko. Hakuacha kupepea.

"Ulisikia vibaya."

"Nilisikia kila neno."

"Sista hawezi kutuficha kitu kama hicho."

"Ametuficha, Skola. Amesema mwenyewe tukijua tutasoma kwa hofu."

"Sasa si umeona? Hakutuficha kwa ubaya." Akaweka sufuria. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo nikikosa hiyo kamili, mimi ndio basi? Nesi wa dripu mpaka nizeeke?"

"Ndio maana yake."

Mwanamke wa chumba cha pili akaita kutoka upande wake wa ukuta, "Mabinti, na bado hamjala? Kuleni kwanza ndio muogope!" Tulicheka, lakini usiku huo ugali ulibaki.

Ndani ya wiki mbili chuo kizima kilijua, ingawa naapa sikumwambia mwingine yeyote. Kuta zetu zilifanya kazi hiyo. Kila mtu akawa na binamu aliyekataliwa chuo kikuu mahali fulani. Wavulana walikaa bwaloni baada ya chakula wakijadili kuhamia vyuo vingine, kana kwamba mtu anaweza kuhamia mwaka wa tatu kama anayebadilisha kiti. Kuna aliyesema tungerudia mwaka mzima. Kuna aliyesema chuo kingefungwa. Wengine walianza kusoma kupita kiasi, wengine wakaacha kabisa. Mimi niliharisha kabla ya kila kipindi cha asubuhi na nikajiambia ni maji ya kisima.

Hapa lazima nieleze habari za Bi Harusi. Chuo kilikuwa na chumba cha vitendo, na ndani yake, nyuma ya mlango wa pili uliofungwa kwa kufuli, kulikuwa na doli la mazoezi lenye ukubwa wa mtu mzima. Wafadhili wa parokia walilileta kutoka ng'ambo kabla hatujafika. Lilikuwa na mikono ya kuchomwa sindano, njia ya mkojo, kifua kinachopanda na kushuka. Tuliliona siku ya ziara ya mwaka wa kwanza, limelala juu ya kitanda, limefunikwa nailoni iliyokuja nalo, na juu ya nailoni shuka jeupe lililopigwa pasi. Mimi ndiye niliyelipa jina. Bibi harusi hukaa ndani akitunzwa, watu wanamchungulia, hakuna anayemgusa. Ufunguo ulikaa kwenye mkanda wa Sista Imelda pamoja na rozari. Sisi tulijifunza sindano kwa machungwa, tukajifunza kumgeuza mgonjwa kwa kugeuzana wenyewe, na tulipokwisha kuua machungwa ya kutosha tulipelekwa wodini kuchoma watu, mwalimu akiwa amesimama kando. Hatukuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Karibu kila nyumba niliyowahi kuingia ina kabati la kioo lenye vikombe vya wageni ambavyo wenyeji hawajawahi kuvinywea chai. Sista hakuwa mchoyo. Alikuwa amelelewa, kama sisi sote, kuamini kwamba kitu kizuri kinaheshimiwa kwa kutotumiwa.

Tarehe ya ukaguzi ilipojulikana, tulipiga deki, tukapaka chokaa mawe ya njia, tukafua mapazia. Sista alimpangusa Bi Harusi mwenyewe kwa kitambaa chenye sabuni ya maji, vidole vya miguu kimoja kimoja. Niliingia kuchukua ndoo, nikashindwa kujizuia.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, Zuhura. Angalia anavyong'aa."

"Sista, wakaguzi hawatauliza limetumika mara ngapi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Watauliza lipo au halipo."

"Lakini linang'aa mno. Mkono wake hauna hata tundu moja la sindano. Chuo cha watu wote hawa."

"Vitu vya watu vinatunzwa, mwanangu. Mkilitoboa likaharibika, nani atanipa jingine? Nianze tena kuandika barua za kuomba?" Akasugua kisigino cha doli. Kisha akasema bila kunitazama, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Mkiulizwa, semeni mnalitumia kila wiki."

Nilichukua ndoo nikatoka. Nilikuwa nimesubiri miaka mitatu kumkamata mtu mzima wa chuo kile akisema jambo lisilo la kweli, na nilipompata sikuwa na hamu ya kumsema. Kwa sababu nilikuwa natumaini tutalisema vizuri. Nilitaka ithibati ile hata kwa uongo. Nilimsimulia Skola, nikidhani angekasirika, yeye mwenye kusali kila asubuhi. Alisema, "Sista amesema tuseme?" Nikasema ndiyo. "Basi tutasema."

Wakaguzi walikuja wawili asubuhi ya baridi, mwezi ule ambao Songea mtu huvaa sweta mpaka saa nne. Mwanamume alikwenda na Mwalimu Kinunda maktaba. Mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alikuja chumba cha vitendo. Mwaka wa tatu tulipangwa ukutani tukiwa na sare zilizonyooshwa. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Bi Harusi alikuwa amevuliwa nailoni kwa mara ya kwanza, amelala, mkono mmoja nje ya shuka. Chumba kilinuka upya, harufu ya kiatu cha dukani. Mkaguzi alitusalimia, tukaitikia shikamoo kwa pamoja kama watoto wa shule ya msingi, akatabasamu, akamuuliza Sista nani mwanafunzi mzuri wa vitendo. Sista hakusita. "Skolastika."

"Skolastika, binti yangu, njoo. Naomba umwekee huyu mama dripu. Mnalitumia hili doli?"

"Ndiyo mama," Skola alisema. "Kila wiki."

Alisema vizuri sana. Ningeamini. Alinawa mikono, akavaa glavu, akapanga vifaa vyake kwenye trei, kila kitu mahali pake, na nilimwona mkaguzi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Skola akamshika Bi Harusi mkono. "Pole mama, nakuchoma kidogo," akaliambia doli, kwa mazoea, na mtu mmoja ukutani akacheka puani. Akapitisha kidole ndani ya kiwiko. Akapitisha tena. Nilimwona akiinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza. Akafunga kamba ya mpira juu zaidi, akagonga ngozi kwa vidole viwili, akangoja. Ngozi ya plastiki ilibaki vilevile. Akageuza mkono, akatafuta kwenye kifundo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo katika baridi ile. Sijui kwa nini hakuchoma tu popote. Nimemuuliza baadaye, akasema hajawahi kuchoma mahali ambapo hajasikia mshipa, na mkono ulikataa.

Mkaguzi alivaa miwani yake. Alisogea, akainua bega la doli, akaangalia chini ya kwapa. Alitoa mfuko mdogo uliobandikwa kwa gundi ya kiwandani, haujawahi kufunguliwa, una unga mwekundu wa kuchanganywa na maji na kujazwa kwenye mishipa ya doli.

"Na damu yake iko wapi, binti yangu?" aliuliza. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anauliza kweli.

Skola aliangalia ule mfuko. Alifungua mdomo. Najua alikuwa anatafuta uongo wa pili wa kuutegemeza ule wa kwanza, na najua hakuwa nao, kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya jambo hilo. Mkaguzi alishusha kalamu kwenye karatasi yake akasema, polepole, kama anayejisemea, "Mwanafunzi hajui kifaa, na amesema anakitumia..."

"Usiandike hivyo," Sista Imelda alisema.

Sote tulimgeukia.

"Usiandike kwake. Nimemwambia mimi aseme. Hilo doli halijaguswa tangu lilipoletwa. Hawa hawana kosa, ufunguo ninao mimi." Akauchomoa kutoka mkanda wake, rozari ikavutika nao, akauweka juu ya trei ya Skola, kati ya pamba na plasta. "Huyu ukitaka kuona anachojua, mpeleke wodini. Hapa umempa maiti."

Mkaguzi alivua miwani yake. Alisema, "Sista, asante. Lakini wodini kuna watu. Ndiyo maana tunataka waanzie hapa." Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi baadaye, kwamba nikiligeuza jambo lile upande wowote simpati mtu mbaya ndani yake. Watoto wale waliokauka hawakustahili kuwa machungwa yetu.

Majibu yalikuja kabla ya mahafali. Ithibati ya muda imeongezwa, chuo kirekebishe mafunzo ya vitendo, wakaguzi watarudi. Mwalimu Kinunda alitusomea bwaloni akiwa amesimama. Wavulana walipiga sahani mezani. Msichana mmoja alilia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilitoka moja kwa moja hadi ofisini kwa Sista na nikaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yananiwaka.

"Kwa nini hukunyamaza?"

Alikuwa anakunja mapazia. "Kaa, Zuhura."

"Sikai. Angeandika jina la Skola peke yake. Mwanafunzi mmoja ameshindwa, basi. Chuo kingepita!"

"Labda kingepita."

"Sasa sisi wote tumekwama. Darasa zima! Ulituambia tuseme uongo, tukasema, halafu wewe mwenyewe ukautoa. Bora usingetuambia kabisa."

"Hapo umesema kweli," alisema. Aliendelea kukunja, lakini mikono ilikuwa inakosea pembe. "Ningenyamaza, yule mtoto angebaki mwongo peke yake, kwa neno langu. Ningemwangaliaje?"

"Na sisi unatuangaliaje?"

Nilitaka sana anijibu neno, hata la kijinga, nipate kulibomoa. Aliniangalia tu, mwanamke mzee mwenye pazia mikononi, na mimi niliyekuwa nikitaka kila kitu kisemwe nilimwacha hapo nikaenda zangu.

Dirisha la maombi ya vyuo vikuu lilipofunguliwa, Skola alisisitiza tujaribu. Tulikwenda kwenye steshenari moja karibu na soko. Kijana mwenye kompyuta aliandika jina langu, namba yangu ya mtihani, matokeo yangu mazuri, akafika sehemu ya kuchagua chuo ulichotoka. Akashusha orodha, akapandisha, akashusha. "Dada, chuo chako hakipo."

"Kitafute vizuri," nilisema, ingawa nilijua.

"Hakipo. Vya Ruvuma hivi hapa, angalia mwenyewe."

"Jaribu na yangu," Skola akasema.

"Si mmetoka chuo kimoja?"

"Jaribu tu, kaka."

Alijaribu. Skola alisimama ameinama juu ya bega lake, akisoma kila mstari kwa mdomo usiotoa sauti, mpaka mwisho wa orodha. Kisha akasema asante, akanishika mkono tukatoka. Tulitembea hadi nyumbani. Alikuwa amenishika ndani ya kiwiko na kidole chake hakikutafuta kitu.

Yaliyofuata ni mafupi. Chumba cha vitendo kilifunguliwa kila siku, na waliotufuata walilitoboa lile doli mpaka likavuja. Wakaguzi walirudi, chuo kikapata ithibati kamili, sisi tukiwa tayari nje. Sista alipanda basi hadi Dodoma, makao makuu ya wakaguzi, zaidi ya mara moja kuomba darasa letu lihesabiwe. Hatimaye wakakubali kwamba anayetaka arudie mtihani wa vitendo mbele ya watahini wa nje, naye atatambuliwa. Mimi nilirudi haraka, nikafaulu, nikasoma, na leo nafundisha wauguzi mkoa mwingine. Skola alikuwa ameshaajiriwa zahanati huko Lusewa, akaolewa, akazaa. Mtihani aliufanya miaka kadhaa baadaye, kimyakimya. Hakuniambia. Kwa hiyo mimi niliyetaka shahada ili nisiambiwe nitekeleze tu ndiye niliyekuja kuwa mkufunzi, na yeye aliyezaliwa kufundisha amekuwa akichoma sindano Lusewa. Sijapata mtu wa kumuuliza kama hiyo ni haki. Nilikuwa na mmoja, na Jumamosi tumemzika.

Baada ya maziko tulikula wali na nyama ya ng'ombe nyuma ya nyumba ya masista. Skola alikuja na sahani yake, akakaa kwenye ngazi pembeni yangu, akala kidogo, akafuta mikono, akatoa simu.

"Nimepata chuo," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Chuo gani?"

"Shahada. Niliomba. Wamenikubali." Alikuwa anaongea haraka, akiangalia mbele. "Natakiwa nithibitishe kabla ya kesho, wametuma namba za kuthibitisha. Mume wangu kasema nenda. Mama atakaa na watoto. Nimeshika simu hii tangu juzi, Zuhura, kidole hakiendi."

Akanitajia chuo chenyewe. Nilianza kumpongeza, akanikatiza.

"Hicho chuo kina ithibati?"

Ni chuo kikubwa, kina jina, kila mtu anakijua. "Kina," nikasema.

"Ya huo uuguzi? Ya mwaka huu?"

"Kina, Skola."

"Umeangalia mwenyewe?"

Sikuwa nimeangalia. Nilijua tu, kama nilivyowahi kujua kuhusu bango la getini. Nilitoa simu yangu. Mtandao ulikuwa mzito, ukurasa ukawa unazunguka, watu wakipita na sahani na kutupa pole tukiitikia bila kuinua vichwa. Orodha ilipofunguka Skola aliichukua simu mikononi mwake akaisoma mwenyewe, jina la chuo, jina la programu, akarudi juu kusoma kichwa cha safu, akashuka tena.

"Hapa imeandikwa nini? Macho yangu."

Macho yake hayana tatizo. "Kamili," nikamsomea.

"Si ya muda?"

"Kamili."

Alinirudishia simu. Akachukua yake, akaandika zile namba moja baada ya nyingine akizitamka, akabonyeza. Kisha akaishikilia kwa mikono miwili, akisubiri ujumbe urudi. Ulirudi. Akausoma mara mbili kabla ya kuniambia, "Nafasi ni yangu."